Salamu za Juu ya Baiskeli

Mama yangu hanijui siku zote. Kuna asubuhi ananiita kwa jina langu, kuna asubuhi ananiita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani, na kuna asubuhi ananitazama kama mgeni aliyeingia ndani bila kupiga hodi. Lakini nikimwambia, "Shikamoo, mama," jibu halichelewi: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Mwanangu huyo ni kila mtu: mimi, binti anayekuja kufua, kijana anayeleta maji. Kinywa kinaijua kazi yake hata pale mwenyewe alipopotea njia.

Nimeanza na mama kwa sababu ndiye aliyenirudisha Tanga, na Tanga ndiyo iliyonirudisha juu ya baiskeli.

Niliacha kuendesha Januari 1998, wakati wa zile mvua za Elnino ambazo watu wa umri wangu bado wanazitumia kuhesabia miaka. Nilikuwa na miaka 24. Nilikwenda Dar es Salaam kwa kazi, kisha ndoa ikafuata, kisha watoto. Sikuamua kuacha. Nadhani baiskeli huachwa hivyo, bila siku ya kuagana nayo: jioni moja unaiegemeza ukutani ikiwa na tope kwenye madigadi, kesho yake unapanda gari, na ile kesho inakuwa miaka 27.

Baba alikuwa karani bandarini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu robota za mkonge zinapopakiwa kwenye matishari kupelekwa kwenye meli zilizotia nanga mbali na gati. Alikuwa na Raleigh nyeusi, ile ya Waingereza wa Nottingham, yenye breki za vyuma badala ya waya na keria pana ya kubebea gunia au mke. Mama alikaa upande kwenye keria hiyo, mkono mmoja kiunoni mwa baba, mwingine umeshika upindo wa kanga. Kila alfajiri, kabla baba hajatoka, mama alitangulia uani, akainama, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, la mbele kisha la nyuma, kama mtu anayetafuta embe bivu kwenye fungu. "Yana upepo," husema, na baba huondoka. Siku nyingine: "La nyuma halina." Baba aliitwaa pampu bila kubisha, ingawa yeye ndiye mwenye baiskeli.

Napenda kwamba katika lugha yetu kinachojaza tairi ni kilekile kinachosukuma jahazi. Fundi baiskeli wa Ngamiani na nahodha wa dau wanalitumia neno moja, na wote wawili wanajua hasara ya kuishiwa nacho.

Mama ndiye aliyenifundisha kuendesha. Wapo watu wa bara ambao jambo hilo huwashangaza, lakini Tanga ni tambarare, na tangu nipate akili nimewaona wanawake juu ya baiskeli: aliyekusanya buibui magotini, aliyefunga kanga mbili, anayekwenda sokoni, anayekwenda kazini, anayekwenda kulia msibani. Nilikuwa na miaka 9. Raleigh ilinizidi kimo, kwa hiyo nilipenyeza mguu wa kulia chini ya chuma cha juu na kuendesha kwa ubavu, mwili wote ukining'inia upande mmoja, mwendo wa kaa.

Nilianguka sana. Kosa langu lilikuwa la kila anayejifunza: nilitazama gurudumu la mbele. Mama hakuniambia niinue macho. Aliniambia nisalimie. "Kila aliye barazani, msalimu kabla hujamfikia. Ukishampita si salamu tena, ni kelele." Basi nikawa natoka nyumbani, Barabara ya 14, natoa shikamoo mlango kwa mlango, na kwa kuwa huwezi kumwamkia mtu mzima huku umeinamia ardhi, ilinibidi niinue kichwa, nimtafute, nimwone, nimtaje. Siku ya tatu nilifika mwisho wa mtaa na nikagundua kwamba sijaanguka. Mpaka leo sijui kama mama alikuwa ananifundisha mambo mawili au jambo moja.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kufika Afrika. Nilikuwa nimeshahamia kwa mama miezi michache kabla. Jumamosi ya mbio za wanawake tulikaa mbele ya televisheni, yeye na ukili wake mapajani, mimi na chai yangu, tukawatazama wakipanda vilima vya Kigali kwa zaidi ya kilomita 160, watu wamejaa pande zote za barabara, watoto wamekaa juu ya kuta. Aliyeshinda alitoka Kanada, Magdeleine Vallieres, ambaye wengi hawakumtarajia. Mama hakuuliza nani ni nani. Aliacha kusuka, akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Wameinama mno hawa. Watamsalimu nani?"

Wiki iliyofuata nilinunua baiskeli.

Raleigh ya baba haikuwapo tena. Iliuzwa baada ya yeye kufariki, na mimi niliyekuwa mbali sikuulizwa. Nilinunua ya mtumba kutoka Japani, ya kike, isiyo na chuma cha juu, yenye kikapu mbele na kava la cheni ambalo limewaokolea wanawake wa pwani mabuibui mengi. Kwenye fremu bado ina kibandiko chenye herufi za Kijapani, kwa maana huko baiskeli husajiliwa. Nilikitazama kibandiko hicho kwa muda nikamfikiria mwanamke fulani wa huko aliyeipeleka sokoni na kituo cha treni kwa miaka, akasalimiana na watu wake kwa namna yao, kisha siku moja akaiegemeza ukutani.

Fundi aliitengeneza mbele yangu. Alitia grisi kwenye gololi, akakaza cheni, akabadili raba za breki. Nilimwomba aishushe siti ili miguu yangu yote miwili ifike chini, naye akakataa kwa adabu. "Mama, ukikaa chini hivyo magoti yatakuuma ndani ya wiki. Siti iwe pale ambapo pedeli ikifika chini kabisa, mguu umenyooka kasoro kidogo." Alikuwa sahihi, na ningependa kila mwanamke anayerejea baiskelini katika umri wangu alisikie hilo mapema: tunashusha siti kwa ajili ya woga, na magoti ndiyo yanayolipa. Akanionyesha pia valvu. Baiskeli hizi za Japani zina valvu ya aina ileile ya Raleigh za zamani, yenye kipira chembamba kama utambi kinachovalishwa kwenye kichuma. Kipira hicho kikichakaa, upepo hupungua polepole usiku kucha bila msumari wala tundu, na mtu ataitafuta pancha asiione. Alinikatia kipande cha akiba, nikakifunga kwenye pembe ya kanga.

Valvu hiyo watu wengi huiita Dunlop. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast. Mwaka 1888 alimtengenezea mwanawe mdogo magurudumu ya mpira uliojazwa hewa, ili baiskeli yake ya matairi matatu isimtikise kwenye barabara za mawe. Miaka mitatu kabla ya hapo, Coventry, John Kemp Starley alikuwa ameitoa Rover, baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kimo na cheni ya kuzungusha la nyuma. Ukiviunganisha vitu hivyo viwili, umbo la mmoja na upepo wa mwingine, umepata karibu kila kitu kilichokuwa kimeegemezwa kwenye ukuta wetu wa Barabara ya 14. Ni mambo machache duniani yaliyofika mapema hivyo na kubaki karibu vilevile.

Asubuhi ya kwanza nilitoka baada ya swala ya Alfajiri, giza bado halijapasuka vizuri. Niliikokota mpaka kona, nikaweka mguu kwenye pedeli, nikasimama. Moyo ulikuwa unapiga. Watu husema aliyejua kuendesha hasahau, na nilikuwa naliamini neno hilo kwa ajili ya watu wengine. Nikasukuma. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na katika yumba ya tatu mikono ikafanya jambo ambalo sikuiagiza: ikaugeuza usukani kidogo kuelekea upande niliokuwa naangukia, na baiskeli ikaja chini yangu, ikanyooka. Nilikuwa nakwenda.

Nimesoma baadaye kwamba hata wataalamu hawajalimaliza jambo hili. Mwaka 1970 mkemia wa Uingereza, David Jones, alichapisha habari za majaribio yake ya kuunda baiskeli isiyoendesheka, ili kwa kuiharibu ajue ni kipi hasa kinachoifanya isimame. Ilimpa shida kuipata. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani na Uholanzi waliunda kibaiskeli walichokinyang'anya zile sababu mbili kubwa zilizokuwa zikitajwa vitabuni. Kiliposukumwa bado kilikwenda wima chenyewe, bila mtu. Kuna jambo jingine ambalo kila mwendeshaji hulifanya na wengi hawalijui: ukitaka kukata kushoto, mkono kwanza husukuma usukani kidogo sana kulia, baiskeli inalala kushoto, ndipo unapokata. Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa na miaka 9. Hakuna aliyenieleza. Ningeelezwa, ningeanguka.

Kwa hiyo mwili una ghala lake. Katika historia ya tiba yupo mtu anayetajwa kila mara ghala hilo linapozungumzwa, Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa kikali, na baada ya hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya alichokiona au aliyeonana naye. Brenda Milner, mtafiti wa Montreal, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya kila mtu mwanzoni. Siku tatu mfululizo mkono wake ulizidi kuwa hodari. Siku tatu mfululizo yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuifanya. Milner akajua kwamba kinachokumbuka majina na nyuso ni kingine, na kinachokumbuka jinsi ya kutenda ni kingine, na kimoja kinaweza kufa na kingine kikabaki kizima.

Nililisoma hilo usiku, mama amelala chumba cha pili, nikakaa nalo muda mrefu. Mama anasuka ukili. Hawezi kukuambia leo ni siku gani, wala kama amekula. Lakini mpe miyaa, vidole vinashika, vinapishanisha, vinaongeza mpya pale wa zamani unapokwisha, na ukili unatoka sawa, upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nami nilikuwa nimeuona ukili huo kwa miezi kama mabaki, kama kitu kidogo kilichosahauliwa na ugonjwa. Tangu niliporudi kwenye baiskeli siuoni hivyo tena. Vidole vile ni mama. Yuko pale, mzima, anafanya kazi.

Siku zilizofuata zilikuwa za maumivu ya kawaida, sina haja ya kuyarefusha: makalio, viganja, misuli ya mapaja, pumzi kukata kwenye kimwinuko ambacho zamani sikujua kuwa ni mwinuko. Yalipungua kwa wiki tatu. Barabara ndiyo iliyokuwa ngumu kuizoea. Bodaboda na bajaji hupita karibu na kiwiko, na mtu aliyezoea kioo cha gari lazima ajifunze upya kusikia kwa mgongo. Hata jina hilo la boda lilikuwa la baiskeli kwanza: lilianzia kwa vijana wa mpaka wa Kenya na Uganda waliowavusha wasafiri kwenye keria, kutoka boda hadi boda, kabla pikipiki hazijalirithi. Sina ugomvi na pikipiki. Zimewafikisha wajawazito hospitali. Lakini aliyeko kwenye pikipiki hawezi kusalimiana na mtu, na mwendo wa salamu ndio ulionipotea Dar bila mimi kujua.

Dar nilianza na daladala, nikamalizia na gari dogo. Vioo vilipanda kwa ajili ya vumbi na kiyoyozi, na kwa miaka kumi na moja nilipita kwenye mtaa wangu mwenyewe nikipunga mkono nyuma ya kioo. Sijui kama yupo aliyeuona mkono huo. Nilikuwa najiona mtu mwenye salamu. Kwa miguu, salamu inakusimamisha, na ukiwa na haraka unaanza kuchagua njia isiyo na watu. Baiskeli ina mwendo wa kati ambao sijauona kwenye chombo kingine. "Sabalkheri!" unaianza kwenye baraza ya kwanza. "Akheri! Za nyumbani?" inakufikia kwenye ya pili. "Njema, mama hajambo kidogo," unaijibu kwenye ya tatu, bila kugeuka, na sauti inarudi nyuma peke yake kwa mwenyewe. Mazungumzo yana urefu wa nyumba tatu. Yanatosha mtu kujua kwamba mwenzake ameamka salama.

Ila salamu nilizozikuta si zile nilizoziacha. Kwenye wiki hiyo ya kwanza, jua limeshatoka, mtoto wa kiume alikuwa anakwenda chuoni na juzuu kwapani. Aliniona kabla sijamwona. "Shikamoo, bibi!" Kinywa changu kilisema "Marahaba" chenyewe, kama kinywa cha mama, na baiskeli ikaendelea, lakini kitu ndani yangu kilisimama palepale kwenye kona. Bibi. Nikapita mbele na wengine wakaniamkia: msichana anayefagia, kijana anayefungua duka la miamala ya simu pale alipokuwa akikaa mzee mshona viatu, dereva bajaji anayepangusa kioo. Mlango wa mama muuza bagia umezibwa kwa matofali. Mlango wa mwalimu wa chuo una wapangaji. Barabara ambayo nilijifunza kuendesha kwa kutoa shikamoo nilikuwa naipita nikizipokea, na nilipofika mwisho nilihesabu kwamba mwenyewe nilikuwa nimetoa moja tu.

Ilikuwa kwa mzee mmoja aliyebaki, mwenye mkongojo, aliyekaa barazani na kahawa. Nilimwamkia kutoka mbali, kabla sijamfikia. Hakuinua uso mara moja. "Marahaba," alisema, na nilipokuwa nampita akaongeza, "Wa nyumba ya karani wewe. Wengine husalimia wakishapita."

Nilikwenda mpaka Raskazone asubuhi ile, mpaka baharini, ingawa nilikuwa nimepanga kuzunguka mtaa tu. Nilisimama nikiwa nimeishika baiskeli na nikalia kidogo, kwa ajili ya milango ile, na kwa ajili ya miaka ambayo nilidhani nimekuwa na shughuli tu kumbe watu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja na mimi siko kwenye mwendo wa kuwaona.

Sasa ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini, na ukiwa unakwenda njia ya Amboni unakupiga kifuani hadi unahisi cheni imelowa saruji. Ukigeuka kurudi mjini unakubeba kama tishari tupu. Nimezoea kwenda naupinga na kurudi naufuata. Mara mbili kwa wiki nafika mbali hivyo. Siku nyingine ni soko, duka la dawa, na kuzunguka mtaa.

Juzi nilirudi nimechoka, nikaiegemeza baiskeli ukutani uani. Mama alikuwa kwenye mkeka, ukili umeshafika magotini. Haikuwa siku yake nzuri. Asubuhi aliniuliza mara nne mimi ni nani, na mara ya nne aliniuliza kwa hofu. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba, mwanangu," alisema, lakini macho yake yalikuwa kwenye baiskeli. Aliweka ukili pembeni. Akainuka kwa kushika ukuta, akaja taratibu, akainama mbele ya gurudumu la mbele, akabonyeza kwa kidole gumba. Akasogea, akabonyeza la nyuma. Akabonyeza tena.

"La nyuma halina," alisema.

Nikainama karibu naye na kubonyeza mwenyewe. Kidole kilizama. Nikaifungua pembe ya kanga, nikakitoa kile kipande cha kipira, na mama akaninyooshea mkono nimpe kifuniko cha valvu akishike, kisipotee mchangani.